Nyuzi Nene za Don Prócoro

Chonita alikata roho alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anawika, na kabla mwili haujapoa Doña Tiburcia alishasimama mlangoni na gauni jeupe mkononi. Yeye ndiye mama wa ubatizo wa mtoto. Pale Tepehuaje mtoto mdogo akifa ni malaika, na malaika anavikwa na mama wa ubatizo. Mama mzazi hagusi. Mama mzazi siku hiyo ana kazi moja tu, nayo ni kutolia.

"Lala, mwanangu, usilie," Doña Tiburcia alimwambia mama wa mtoto.

"Silii."

"Mdomo unakutetemeka."

"Mdomo si macho. Nimesema silii."

"Haya. Maana ukilia mabawa yake yanalowa, na yakilowa hafiki. Mwenyewe unajua."

Lala alikuwa anajua. Alijua tangu alipokuwa mdogo, siku walipomzika kaka yake, akamwona mama yake anatafuna ncha ya mtandio mpaka ikatoboka. Sasa alikaa kwenye kigoda karibu na jiwe la kusagia mahindi, akaiweka mikono mapajani, akawa anaitazama. Usiku kucha mikono hiyo ilikuwa inakamua kitambaa cha maji na kukirudisha kwenye paji la uso wa Chonita. Sasa haikuwa na kazi, na kila mara ilikuwa inainuka yenyewe.

Doña Tiburcia alimlaza mtoto mezani. Akamvika taji la karatasi ya dhahabu, akamzungushia maua, akamfunga viganja pamoja kwa utepe. Katikati ya viganja akamwekea mwanasesere wake wa maganda ya mahindi, kwa sababu bila yule mwanasesere Chonita alikuwa halali hata akiwa mzima. Akarudi nyuma akatazama kazi yake, akajipangusa jasho. Halafu akauliza lile swali ambalo Lala alikuwa analikimbia tangu homa ilipopanda.

"Na minuete? Nani atampigia?"

Minuete si muziki wa sherehe. Hazina maneno, hazichezwi, na hakuna anayepiga makofi. Mariachi, wale wapiga muziki wa kijiji, wanavua kofia, wanapiga mbele ya mtakatifu aliyewekewa nadhiri, au mbele ya malaika aliyelazwa mezani, na watu wanakaa kimya. Mtoto anaifuata ile sauti mpaka juu. Asiyepigiwa anabaki kwenye kizingiti cha mama yake, hajui pa kwenda. Lala aliwahi kumwona mama mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto, ambaye mtoto wake alizikwa kimyakimya wakati wa vita. Yule mama alikuwa hakanyagi kizingiti cha nyumba yake. Alikuwa anakiruka, hata akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Watoto walikuwa wanamcheka. Lala naye alimcheka.

"Baba yangu atampigia," Lala alisema.

Doña Tiburcia akaguna. "Baba yako ana nadhiri, mwanangu. Au umesahau?"

Nani angesahau? Si zamani sana mariachi wa Tepehuaje walikuwa wa Don Prócoro, baba yake Lala. Walikuwa na fidla mbili, gita dogo lenye mgongo wa kibyongo, na katikati kinubi kikubwa cha Don Prócoro, kirefu kuliko mwenyewe. Walivaa suruali nyeupe za pamba na makubadhi ya ngozi, wakapanda vilima na kushuka mabonde, kinubi kimebebwa mgongoni na punda. Kwenye arusi watu walichimba shimo, wakalifunika kwa ubao, wakacheza juu ya ubao kwa visigino mpaka ardhi yenyewe inanguruma. Na chini ya ule mngurumo kulikuwa na nyuzi nene za Don Prócoro, za utumbo wa mnyama, ambazo ulikuwa unazisikia tumboni kabla hujazisikia masikioni.

Halafu Librado akarudi kutoka jeshini na tarumbeta. Akamwoa Lala. Mwanzoni mzee alimpenda, hata alimwita mwanangu. Lakini duka la mjini likaletewa redio, na redio ikaanza kuleta mariachi wa mji mkuu, wenye suti za kubana na vifungo vya fedha miguuni, matarumbeta mbele. Watu wakaanza kusema kinubi ni cha mazishi. Kinubi hakiingii kwenye basi. Kinubi kikisimama karibu na tarumbeta hakisikiki. Gaudencio, binamu yake Librado, akaagiza gitaroni, lile gita kubwa lenye tumbo kama la mama mjamzito, linalotoa sauti nene na mtu anatembea nalo. Tatizo likawa nyuzi. Nyuzi nene za utumbo zilikuwa hazipatikani mahali popote.

Basi mchana mmoja, Don Prócoro akiwa amelala baada ya chakula, Librado akaingia akazifungua nyuzi zote nene za kinubi, akaondoka nazo.

Mzee alipoamka hakupiga kelele. Alivaa kofia yake, akaenda kanisani Jumapili iliyofuata, akasimama mbele ya sanamu ya Bikira watu wote wakiwepo, akaapa: kinubi hiki hakitalia tena mikononi mwangu mpaka nyuzi zangu zirudi, na zirudishwe na mkono uleule uliozichukua. Tangu siku hiyo mzee hakumsemesha Librado, na hata Lala, binti yake, aliongea naye kwa kupitia mlango ulio wazi nusu.

*

Sasa mlango ulikuwa wazi wote. Don Prócoro alikuwa ameketi mbele ya kinubi, ameshika kofia, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wenye moshi. Alishasikia kengele. Kengele ya malaika inalia tofauti, inalia kama ya sikukuu.

"Lala wangu," akasema.

"Baba, njoo umpigie."

"Mwanangu..."

"Vunja hiyo nadhiri, baba. Nakuomba. Nitakupigia magoti, nitakuosha miguu, nitafanya unachotaka. Vunja."

"Unadhani sijawaza?" Mzee akaigonga kofia gotini. "Nimekaa hapa tangu kengele ilie. Nikivunja, Bikira ataidai kwa nani? Kwangu? Mimi mzee, sina cha kudaiwa. Ataidai kwa huyo aliye njiani kwenda juu. Atamfungia mlango mtoto mwenyewe."

"Si atakuelewa? Naye alikuwa mama!"

"Niliapa kwa sauti, kanisa zima likasikia. Nilikuwa mpumbavu, Lala. Mpumbavu mwenye mdomo mkubwa. Nilitaka yule kijana aone aibu, basi. Nilijua wiki moja tu atarudi nazo." Akavigusa vile vigingi vitupu vya kinubi kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja. "Librado yuko wapi?"

"Ranchi ya Santa Rita. Arusi ya binti wa tajiri."

"Anajua?"

"Alipelekewa habari," Lala akasema. Mtoto alipoanza kuchemka alimtuma muuza mkaa apeleke habari. Muuza mkaa alirudi akasema habari imefika. Librado hakurudi.

"Wanazika lini?"

"Jua likigusa kilima cha makaburi. Doña Tiburcia anasema joto hili halisubiri zaidi."

Mzee akatazama nje, akatazama vivuli vilivyokuwa bado vifupi. "Basi kimbia," akasema. "Na alete mwenyewe, unasikia? Mkono uleule. Mimi nitakikung'uta hiki vumbi."

*

Lala alikimbia. Njia ya Santa Rita inapita katikati ya mashamba ya mkonge, na mkonge ule wa buluu hauna kivuli, ni miba tu mpaka mwisho wa macho. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Kuna mahali alianguka akachanika kiganja, akafurahi, kweli akafurahi, kwa sababu kiganja kilipouma kilimpa kitu kingine cha kufikiria. Machozi yalimjia mara nyingi. Kila yalipokuja aliinua uso kwenye jua akayafumbia macho mpaka yakarudi. Usilowe, alimwambia Chonita, usilowe mama, subiri, naleta.

Alilisikia tarumbeta kabla ya kuiona nyumba. Angelijua popote. Librado alikuwa na namna yake ya kuvuta noti ya mwisho na kuiachia polepole, na hiyo ndiyo aliyomtongozea. Siku hizo ilikuwa inampanda mgongoni. Leo aliziba masikio.

Alizunguka akaingia kwa mlango wa jikoni. Jikoni kulikuwa na moshi, harufu ya mchuzi wa mbuzi na pilipili, wanawake wanapishana na masufuria. Mpishi mmoja mnene akamtazama vumbi na nywele, akamtupia sinia la tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi, mikononi.

"Ndo unafika sa hizi? Wenzako tangu asubuhi tunakatika viuno! Wapelekee wanamuziki, wanalalamika njaa utadhani wanalima."

"Mimi sio..."

"We sio nini? Peleka, bwana, zinapoa!"

Basi akapeleka. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Akapita katikati ya meza na bibi harusi na wanaume wanaogonga glasi za tekila, na sinia mbele yake kama ngao, mpaka kwenye turubai lililofungwa kwenye nguzo, na chini yake wamesimama mariachi wa Gaudencio, wote wanne, na suti nyeusi zenye vifungo vinavyometa. Walikuwa ndiyo kwanza wameanza wimbo. Fidla zilikuwa zinakwenda. Librado alikuwa ameshusha tarumbeta akisubiri zamu yake.

Akamwona. Kwanza alitabasamu, kwa kuzoea tu. Halafu akaliona sinia, akaiona miguu yake yenye damu na vumbi.

"Lala? Unafanya nini hapa?"

"Chonita amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

Lala akamtazama tu.

Na hapo zamu ya tarumbeta ikafika. Gaudencio akamwashiria kwa kidevu, fidla zikampisha, na Librado akaliweka tarumbeta mdomoni akapuliza. Alipuliza! Lala alisimama na sinia lake akamsikiliza mumewe akipiga kile kipande chote, kisafi, hakuna noti iliyoyumba, macho yamemtoka kama ya mtu anayezama. Alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Baadaye, hata baada ya mambo yote, hicho kipande ndicho ambacho hakuweza kumsamehe, ingawa alielewa kwamba haikuwa yeye, ilikuwa ni pumzi tu imezoea njia.

Kipande kilipoisha tarumbeta likaendelea kubaki mdomoni, halitoi sauti. Halafu likatoa kitu kama mkoromo.

"Wee tarumbeta, umemeza chura?" mlevi mmoja akapiga kelele, meza nzima ikacheka.

Librado akakaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi na suti yake.

"Nilipata habari," akasema. "Muuza mkaa aliniambia ana homa. Nikasema homa ya kawaida. Nikasema kesho narudi, Lala, naapa kwa Mungu nilisema kesho narudi."

"Sikuja kwa hayo. Nataka nyuzi za baba."

Gaudencio alishaufunga wimbo kwa haraka, anawapungia watu kofia na tabasamu pana, huku anaongea kwa upande wa mdomo. "Kuna nini? Librado, inuka, mshenzi we! Yule bwana mwenye miwani meza ile ndo wa redio. Amekuja kutusikiliza sisi. Inuka!"

"Mtoto wangu amekufa, Gaudencio."

Tabasamu likabaki usoni kwa Gaudencio muda, halijui liende wapi. Akavua kofia. "Pole, binamu. Pole, shemeji. Mungu amemtaka. Nenda, nenda kazike, sisi tutajikaza hivyohivyo."

"Nataka nyuzi," Lala akasema tena, akaweka sinia chini, akaonyesha gitaroni iliyokuwa inaning'inia kifuani kwa Gaudencio. "Hizo. Baba hawezi kumpigia minuete mpaka zirudi."

"Shemeji, wee!" Gaudencio aliikumbatia gitaroni kwa mikono miwili. "Gitaroni bila nyuzi si sanduku la nguo hili? Nitampigia nini yule bwana, magoti? Hebu fikiria. Miaka tunasubiri siku hii. Tunapigia ng'ombe huko vichakani ili siku moja... Kesho. Kesho asubuhi nakuletea mwenyewe mpaka mlangoni."

"Kesho atakuwa ardhini."

"Basi tuje wote baada ya sherehe tumpigie sisi! Tarumbeta, fidla, kila kitu. Atakwenda kifalme."

"Mnajua minuete?"

Gaudencio akawatazama wapiga fidla. Wapiga fidla wakatazama viatu vyao. Walikuwa vijana, walijifunzia kwenye redio, na redio haipigi minuete.

"Mwanao Ticho," Lala akasema, polepole sana. "Alipokufa Ticho, nani alimpigia?"

"Shemeji, usinifanyie hivyo."

"Mvua ilikuwa inanyesha. Punda aligoma kuvuka mto. Baba alikibeba kinubi mwenyewe kichwani, maji yakamfika kifuani, akaja akampigia Ticho wako mpaka vidole vikamtoka damu. Mkeo anakanyaga kizingiti chake vizuri leo, Gaudencio. Nyuzi alizompigia ndo hizo umezikumbatia."

Mlevi alikuwa anaita wimbo mwingine. Bwana mwenye miwani alishageuza kiti chake, anatazama. Gaudencio alikuwa analia bila kujificha, na yeye aliruhusiwa kulia. Akaanza kukizungusha kigingi cha kwanza. Uzi ukalegea, ukatoa mlio wa chini wa kuchoka.

"Mmenizika na mimi leo," akasema. "Chukueni. Chukueni mwondoke kabla sijabadili akili."

*

Walirudi juu ya nyumbu wa kuazima, Lala mbele, Librado nyuma yake na nyuzi zimeviringwa ndani ya koti lake la vifungo. Jua lilikuwa linashuka upande wao wa kushoto, na kila Lala alipolitazama lilikuwa limeshuka zaidi ya alivyolikadiria. Librado aliwahi kuweka mkono begani kwake mara moja. Lala akautikisa ukatoka.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa mpaka uani, wamevua kofia, jeneza dogo jeupe lipo wazi tayari karibu na meza. Mchimba kaburi alikuwa anachungulia mlangoni kila mara. Doña Tiburcia alikuwa amemzuia kwa mwili wake.

"Nimewaambia kucha za mtoto bado hazijasafishwa," akamnong'oneza Lala. "Nimezisafisha mpaka zimekwisha. Mmezipata?"

Don Prócoro alikuwa ameketi kando ya meza, kinubi kimeegemea bega lake. Alikuwa amekipaka mafuta ya taa na kukisugua mpaka mti umerudisha rangi yake. Alivaa suruali zake nyeupe za zamani. Librado akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake, akazinyoosha zile nyuzi kwa mikono miwili.

"Baba mkwe. Nimezirudisha."

Mzee hakumtazama usoni. Akachukua uzi ulio mnene kuliko zote, akafunga fundo, akauingiza kwenye tundu la chini ya kinubi, akauvuta kwenda juu. Akauvuta. Mkono wake ukasimama hewani.

Uzi ulikuwa haufiki. Ulikuwa umebakiza urefu wa mkono mzima kufika kwenye kigingi.

Akajaribu wa pili. Wa tatu. Chumba chote kilikuwa kinatazama vidole vyake.

"Umezikata," akasema.

"Gitaroni ni fupi, baba. Ncha zilikuwa zinazidi, zinagonga mbao. Nilizikata."

"Ncha ziko wapi?"

Macho ya Librado yalikuwa yamekwenda mezani. Lala akayafuata. Mwanasesere wa maganda ya mahindi, pale katikati ya viganja vya Chonita, alikuwa amefungwa kiunoni na shingoni kwa kitu cha manjano kinachong'aa kidogo. Lala alikuwa amekiona kila siku kwa miezi, hajawahi kujiuliza ni nini. Chonita aliziokota zile ncha sakafuni akaomba zimfungie mwanasesere wake mshipi. Na aliyemfungia, Lala akakumbuka sasa, ni yeye mwenyewe.

Na uzi uliounganishwa kwa fundo haulii. Mchimba kaburi akakohoa mlangoni.

"Zimerudi," Doña Tiburcia akasema ghafla kwa sauti ya ukali, kana kwamba anabishana na mtu asiyeonekana juu ya dari. "Mkono uleule umezirudisha. Nadhiri ilisema zirudi. Mimi nilikuwepo kanisani, nilikuwa benchi la mbele. Hakusema zifike! Piga, Don Prócoro. Piga hizo ulizonazo."

Mzee akaziweka zile nyuzi fupi mezani, miguuni kwa mtoto. Akapiga ishara ya msalaba. Akaanza.

Nyuzi nyembamba zililia peke yake. Ilikuwa ni minuete, ndiyo, wazee waliitambua wakainamisha vichwa, lakini haikuwa na chini. Kila mahali ambapo sauti nene ilitakiwa kuipokea, palikuwa na shimo. Muziki ulikuwa unapanda na kutetereka, kama mtoto anayejifunza kutembea na hakuna aliyemshika. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa unakwenda kwenye nyuzi ambazo hazipo, unakwama hewani, unarudi. Alifika katikati akasimama.

"Siwezi," akasema. "Hafiki na hii. Inamtupa njiani. Lala, nisamehe, siwezi."

Lala alikuwa amesimama ukutani. Mikono yake iliinuka tena yenyewe kama ilivyokuwa inainuka tangu asubuhi, na safari hii hakuirudisha. Alipokuwa mdogo, mzee akifanya mazoezi nyumbani, yeye alikuwa anapiga magoti upande wa pili wa kinubi na kulipiga sanduku lake kwa viganja, taratibu, kwa namna ya wazee. Nyumbani tu. Mwanamke alikuwa hakai na mariachi mbele za watu, haijawahi kuonekana. Wakati ule baba yake alikuwa anacheka, anasema, wewe una mkono, bahati mbaya una sketi.

Akapita mbele ya watu wote. Akapiga magoti, akaegemeza sikio lake kwenye ule mti uliosuguliwa, akaweka viganja vyake juu ya sanduku. Kile kilichochanika kiliacha alama ya damu.

"Anza upya, baba," akasema.

"Lala, watu..."

"Anza upya."

Mzee akaanza upya. Na mahali penye shimo la kwanza, Lala akapiga. Sanduku likajibu kwa sauti nene, pana, iliyotoka ndani kabisa, na watu waliokuwa uani wakageuka. Haikuwa noti. Lakini muziki uliikanyaga, ukasimama juu yake, ukapiga hatua nyingine. Akapiga tena. Akapiga penye kila shimo, mkono wake ulikuwa unayakumbuka mashimo yote kabla kichwa hakijakumbuka, na kila alipopiga alisikia kitu kinamtoka kifuani na kuingia kwenye mti bila kupita machoni. Macho yake yalikuwa makavu. Yalikuwa yanamwuma kwa ukavu. Karibu yake Librado alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, mabega yanaruka, vifungo vyake vya fedha vinagongana na udongo, na tarumbeta lake limeachwa nje kwenye tandiko la nyumbu. Hakuna aliyemwambia akalichukue.

Minuete ikaisha. Don Prócoro akaziba nyuzi kwa kiganja.

Doña Tiburcia akamnyanyua Chonita, na taji, na mwanasesere, akamlaza ndani ya jeneza. Mchimba kaburi akaingia na nyundo. Nje jua lilikuwa limeshagusa kilima.

Lakini Lala hakuinuka. Alikuwa bado anapiga. Mahali penye shimo, halafu mahali penye shimo, kwa mwendo uleule, sikio limegandamana na kinubi, bila muziki wowote juu yake, ni ule mngurumo tu peke yake. Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akasogea amshike bega.

"Mwache," mzee akasema.

Misumari ikaanza kuingia. Lala alipiga. Wakalinyanyua jeneza, walikuwa hawahitaji watu wengi, wakatoka nalo, na Librado akainuka akalifuata akiwa hana kofia. Mlio wa viganja uliwafuata mpaka njiani. Ndipo Don Prócoro, ambaye hakuwa amemtazama binti yake machoni tangu siku ya nadhiri, akamtazama, akaona kwamba Lala akiacha kupiga sasa hataweza tena kukishika kile kilio alichokishika tangu alfajiri. Akakivutia kinubi begani. Akaingia juu ya ule mngurumo wake, akaianza minuete tangu mwanzo.